Chanzo: Mama Tshiala

Dany, wanajeshi wamemwita Mama Tshiala kambini kwao kumhoji. Yule muuza mandazi wa getini.

Ni mimi niliyemtaja.

Kapiteni mmoja ameuona mchezo wa vita wa kompyuta niliotengeneza, ule wa kambi yao kushambuliwa. Akauliza: “Weye, saa ya kubadirisha balinzi ulipata wapi?”

Akafungua maelezo ya mchezo, akanisomea maandishi yangu mwenyewe: “Chanzo: Mama Tshiala. Walinzi wapya hununua mandazi kwake saa kumi na mbili na robo.”

Unanijua, kila takwimu naiandikia chanzo.

Mama Tshiala amenishika mkono: “Mutoto yangu, weye ulisoma. Kuya ubaambie miye siyasema kitu.”

Ninakwenda. Sijui nitawaambia nini, maana nilichoandika ni kweli.