Besiboli Haina Sare, Baba Cheryl

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba Cheryl, tangu ulipotuacha sebuleni kwetu huku ughaibuni, Gaithersburg, kwenye kile kitanda cha wagonjwa tulichokiweka kando ya dirisha. Ilikuwa wiki ya mwisho ya msimu wa besiboli. Ulikuwa umeapa kuumaliza msimu ule. Hukuumaliza. Timu yako iliumaliza, mkiani, bila hata haya.

Familia iliniomba niandike ukumbusho huu kwa sababu, walisema, mimi ndiye niliyesoma. Kisha wakaniomba niandike mambo matamu tu. Wangechagua moja.

Peterson Kimutai, ulikuwa mtu mwema. Naanza na hilo lisije likapotea huko mbele. Kwa miaka mingi uliwaogesha wazee wa watu, wazee ambao watoto wao waliwatembelea Krismasi na maua, na hukuwahi kurudi nyumbani ukamcheka hata mmoja wao. Ulisonga ugali mgumu kama tofali na kuusifu wewe mwenyewe. Kanisani uliimba besi, ukawatangulia wenzako kila wimbo, ukasema wao ndio wanaochelewa. Magari yakikwama kwenye barabara ya 270, wengine walipiga honi; wewe ulitafuta redioni watu wanaobishana kuhusu mchezo wa jana, ukabishana nao.

Besiboli ulifundishwa na mzee mmoja uliyekuwa ukimtunza Bethesda. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo uliketi naye mbele ya runinga ukimwambia nani ameshika gongo na mpira umekwenda wapi. Mwanzoni ulikuja kunilalamikia: "Mama Cheryl, huu ni mchezo wa kusimama. Wanasimama, wanatema mate, wanasimama tena." Msimu uliofuata ulikuwa na kofia ya timu.

Mzee huyo alipokaribia mwisho wake, binti yake alikusihi umwambie kwamba timu inashinda. Ulikataa. Ulifika nyumbani bado umekasirika, ukavua viatu mlangoni, ukaniambia: "Mgonjwa si mtoto. Ukimdanganya matokeo, umeshamzika." Nililiweka neno lile. Nilikuja kulihitaji.

Binti yetu Cheryl ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na ukimsemesha Kikalenjin anakutazama kama umepiga chafya. Lakini uwanjani, pale kando ya mto Anacostia, mlielewana kila neno. Mlirudi mmeungua jua, mmeshindwa, mna furaha. Mimi nilifuatana nanyi mara moja, nikasoma kitabu. Ulinisamehe kwa sababu nilibeba sambusa.

Kisha uvimbe ukaota kichwani mwako. Timu ilipofungua msimu bado uliona. Kufikia Julai ulikuwa unatambua mwanga na giza, basi. Timu nayo ilikuwa imeanza kuoza mwezi Juni, ikawa kama mnashindana nani atazorota haraka.

Ndugu yako Eliudi alihamia kwetu kutoka Woodbridge kutusaidia, na kwa hilo namshukuru. Siku ya pili aliitisha kikao cha familia jikoni. Wote mnajua desturi yetu: mgonjwa haambiwi ng'ombe amekufa, haambiwi mjomba amezikwa. Anaambiwa wote wazima, wanakusalimu.

"Shemeji," Eliudi akasema, "huyu mtu ataambiwa timu inashinda. Hiyo ndiyo itakuwa dawa yake."

"Dawa yake iko kabatini," nikasema.

"Wewe na maabara yako! Matumaini hayapimwi kwenye kichupa."

Ni kweli, kazi yangu ni maabara. Nasoma damu za watu na kuandika ninachokiona, na sijawahi kubadilisha jibu ili mtu afurahi. Walipiga kura. Nilishindwa kama timu yako.

Eliudi akakwambia runinga imeharibika na ameipeleka kwa fundi. Fundi hakuwepo. Runinga yako ilikuwa sebuleni kwake Woodbridge, na kila alipokwenda kuchukua nguo safi aliitumia kutazama soka. Redio nayo eti ilikuwa na waya mbovu. Basi yeye akawa mtangazaji wako: aliketi kando ya kitanda, simu mkononi, akijifanya anakusomea mchezo, huku Cheryl akimnong'oneza majina ya wachezaji na sheria. Mwanaume ambaye maisha yake yote amejua mpira wa miguu tu! Asubuhi uliponiuliza mimi, "Wamefanyaje jana?" nilikujibu, "Muulize Eliudi." Wewe uliyenijua ungepaswa kushtuka.

Uongo ule ulifanya kazi kupita kiasi. Timu ilishinda, ikashinda tena. Ukaanza kuhesabu kwamba Oktoba itacheza michezo ya ubingwa. Na kwa sababu dawa ya maumivu ilikulaza, ukaanza kuikataa. "Nitalala nipitwe," ulisema. Ulifumba mdomo kama mwanetu Ethan alipokuwa mdogo, na maumivu yalipopanda uliuma taulo.

Watu wa kanisa walikuja kukuona, wakatoka wakitikisa vichwa. "Tazama nguvu anazopewa na Bwana!" Nguvu ile ilikuwa taulo. Mimi ndiye niliyekuwa nikizifua, na nyingine zilikuwa zimetoboka.

Muuguzi aliyekuja nyumbani alinivuta kando akaniuliza, "Huyu anangoja nini?" Nilimweleza. Akasema katika kazi yake ameona watu wakingoja watoto, wakingoja harusi, wakingoja pasipoti. Timu ya mkiani hajawahi kuona.

Ikafika ile Jumapili. Baada ya ibada sebule ilijaa watu, chai na mandazi. Cheryl alikuwa kazini dukani, kwa hiyo Eliudi alitangaza peke yake. Ilikuwa kama mkutano wa injili.

"Mpira unaruka... unaruka... umetoka nje ya uwanja, tumepata!"

"Amina!" akapaza sauti Dada Lorraine wa kikundi cha akina mama, kikombe juu.

"Nani amepiga?" ukauliza.

Eliudi hakuwa na jina. "Yule... yule mrefu."

"Mrefu yupi?"

"Wote ni warefu, kaka. Wanakula vizuri."

Watu walicheka. Hata wewe ulicheka, kisha ukavuta taulo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na kichupa cha dawa mkononi. Ulikuwa umeikataa tangu asubuhi, na midomo yako ilikuwa ya kijivu. Pilau ilikuwa imeiva. Dada Lorraine akamfanyia Eliudi ishara ya sahani, naye Eliudi, ambaye hajawahi kuchelewesha pilau, akaona amalize.

"Na refa anapuliza kipenga cha mwisho! Sare! Mbili kwa mbili! Pointi moja muhimu sana ugenini!"

Walipiga makofi wote. Wewe hukupiga.

"Eliudi," ukasema. "Besiboli haina sare."

"Siku hizi iko. Wamebadilisha sheria."

"Haina sare. Wala haina kipenga." Ukageuza uso, si kwake, bali kule ulikojua nimesimama. Sijui ulijuaje. "Mama Cheryl. Wako nafasi gani?"

Dada Lorraine akanikamata kiwiko. Eliudi alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Chumba kizima kilinitazama kama nimeshika kisu.

"Wako mkiani," nikasema. "Wako mkiani tangu Juni. Oktoba hawachezi. Hakuna cha kungojea, Kimutai. Kunywa dawa."

Mtu mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini, akaacha.

"Tangu Juni?" ukauliza.

"Tangu Juni."

"Wapumbavu wale," ukasema, nami hadi leo sijui kama ulimaanisha wachezaji au watu waliojaa chumbani. Kisha ukafungua mdomo. Nikakupa kipimo chako chote, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi ukaiachia taulo.

Nilidhani sasa utanishika mkono. Ulisema: "Toka. Mwite Eliudi akae hapa, aendelee."

"Aendelee na nini?"

"Kutangaza. Mchezo hauwezi kuisha sare."

Nikatoka. Nilikwenda jikoni kuwapakulia pilau watu ambao hawakutaka kunitazama usoni, na nyuma yangu nikamsikia ndugu yako akitangaza mizunguko ya nyongeza huku analia, anakosea, anachanganya gongo na goli. Mwishowe akaurusha mpira nje ya uwanja, timu yako ikashinda mchezo.

"Nani amepiga?" ukauliza, na sauti yako tayari ilikuwa mbali.

"Yule mrefu."

"Sawa," ukasema.

Hilo ndilo neno lako la mwisho, na hukuniambia mimi. Ulilala pale ulipokuwa, hukuamka tena, na Jumanne ukaondoka bila kukunja hata uso.

Matangani Dada Lorraine alisema, kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Wengine huua kwa mdomo." Tangu hapo neno hilo limezunguka kutoka Gaithersburg hadi Oxon Hill, na wapo waliolirudisha kwangu wakidhani ni jipya. Dada Lorraine, najua unasoma hapa, kwa hiyo nakusalimu. Kilichomuua ni uvimbe. Mimi nilimwondolea taulo.

Lakini wewe, Baba Cheryl, nikuambie kinachoniuma kweli, maana hao wengine hawanihusu. Mimi nilikupa ukweli uliouomba, ukaniambia toka. Eliudi alikupa uongo ambao tayari ulijua ni uongo, ukamwambia akae. Nimeligeuza jambo hili mwaka mzima, ninapoendesha gari, ninapokunja nguo zako ambazo bado sijazitoa. Bado ningekuambia vilevile. Nilichotaka ni maumivu yaishe, na yaliisha. Hakuna aliyeniahidi kwamba utanishukuru.

Sasa habari za nyumbani, kama zilivyo. Ethan ameota meno yake yote ya ukubwani na anatumia kila moja kubishana. Cheryl anavaa kofia yako. Tumemwambia kanisani aivue, hataki, na mchungaji amechoka. Mwezi wa tano alisema sentensi nzima kwa Kiswahili. Ilikuwa matusi, alimtukana mwamuzi wa besiboli. Ulimfundisha vizuri.

Runinga imerudi, eti fundi amemaliza. Eliudi huja kila wikendi kutazama mchezo na Cheryl. Amejifunza sheria zote sasa, wakati hazihitajiki tena, ingawa mambo yakiwa magumu bado husikiliza kama kipenga kitalia. Alinunua kofia. Wakati mwingine hutoka nje kabla mchezo haujaisha na kukaa ndani ya gari. Hatumfuati.

Jumapili hii, baada ya ibada, tutakuja kaburini kwako. Eliudi amejiandaa, nimemsikia akifanya mazoezi bafuni. Atasimama hapo na kukutangazia msimu mzima wa mwaka huu, na kwa jinsi alivyoanza naona anakupeleka moja kwa moja hadi ubingwa. Mpe nafasi. Sitamkatiza, na safari hii hatakosea. Cheryl atakuwa kando yake.

Wakienda garini nitabaki nyuma kidogo. Nitakuambia kwamba wako mkiani tena. Ukitaka, nifukuze.

Wanaokukumbuka: mkeo Chelagat, watoto wako Cheryl na Ethan, ndugu yako Eliudi, mtangazaji, na mama yako Salina huko Kapsabet, ambaye aliambiwa kwamba timu ilichukua kombe na mwanawe akafa akishangilia, na ambaye leo, akisomewa maneno haya, atajua.

Hatutakusahau kamwe, Baba Cheryl, washinde wasishinde.