Santuri ya Krismasi Isiyo na Sauti Yangu

Kwedizinga, Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi.

Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu. Vuli imekatika mapema, na mahindi ya shamba la pamoja yameanza kukunja majani. Mume wangu Elia amekwenda kwenye mkutano wa kijiji. Watoto wamelala baada ya kula. Mimi nimekaa mlangoni na daftari hili, ambalo sijaligusa tangu shule ifungwe.

Nimeibiwa. Sina namna nyingine ya kuanza. Kilichoibwa kiliibwa mwaka ule tuliopata uhuru, nami nimekuja kujua wiki hii.

Wiki mbili kabla ya Krismasi nilikwenda Korogwe kuchukua chaki na madaftari ya wanafunzi wangu. Karibu na stesheni kuna fundi redio anayeuza pia vitu vilivyokwisha tumika: pasi, taa, saa zisizotembea. Kwenye sanduku la mbao alikuwa na santuri kuukuu zimefungwa magazeti. Nilizipekua bila nia ya kununua. Ya nne au ya tano niliigeuza, nikasoma karatasi yake ya katikati: Kwaya ya Mpale, Nyimbo za Krismasi. Na upande wa pili jina la wimbo: Taa ya Zizini.

Nilikaa chini pale pale vumbini. Fundi akaniuliza, "Vipi dada, unaumwa?"

Nikamwambia, "Huyu ni mimi."

Akacheka, akadhani natania.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Gari lilipanda kwetu Mpale likiwa na watu wawili na mashine ya kunasa sauti. Mwalimu wetu wa kwaya alitupanga mbele ya madhabahu, na beti za Taa ya Zizini akanipa mimi niimbe peke yangu, wenzangu wakiitikia. Wale watu walipomaliza walinipa mkono kama mtu mzima. Wiki iliyofuata nikashikwa na malaria, nikalala siku nyingi. Nilipoinuka, mwalimu alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema gari lilikwama kwenye tope wakati wa kushuka mlima, kanda zikalowa, kazi yote ikaharibika.

"Mungu hakupenda, Damari," aliniambia. Maneno hayo nayakumbuka kama yalivyo.

Mtoto wa miaka kumi na minne akiambiwa Mungu hakupenda, anaamini kwamba ni yeye ambaye Mungu hakumpenda. Niliacha kwaya. Watu walisema nimekuwa mkubwa sasa, nina aibu. Haikuwa aibu. Nilidhani nimekataliwa.

Kwa hiyo siku ile pale stesheni, nikiwa na santuri mkononi, sikuona vumbi wala mikwaruzo yake. Niliona kwamba kanda hazikulowa. Kwamba mwalimu, ambaye sasa ni marehemu, alikosea tu habari zake. Kwamba sikukataliwa.

Njia nzima, kutoka Korogwe mpaka Segera, mpaka Kabuku, na kwa miguu mpaka hapa kijijini, niliikumbatia kifuani.

Hapa mwenye gramafoni ni mmoja tu, Mzee Mhina, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Aliinunua zamani alipokuwa akifanya kazi kwenye mkonge. Tulipohamishiwa wote kwenye kijiji hiki cha ujamaa, vyungu vyake na vitanda vilipakiwa kwenye lori, lakini gramafoni alikataa, akaipakata mwenyewe. Ni Mwislamu mshika swala, na santuri zake zote ni za taarabu na dansi. Nilipomwomba nipige kwake nyimbo za Krismasi alisema, "Mwanangu, mashine haina dini. Lete."

Basi nikafanya ujinga. Niliwatangazia watu. Nilimwambia Mama Zaina anayekaa mkabala nasi, nikamwambia mwalimu mkuu, nikawaambia akina mama ninaowafundisha kusoma na kuandika. Siku ya Krismasi, saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa Mzee Mhina walikuwepo watu kama thelathini, wengi wao si Wakristo hata kidogo, wamevaa nguo nzuri kwa ajili yangu. Elia alikuwa ametoka kunyoa ndevu. Mwanangu Naomi, ambaye ana miaka minne, alikuwa akiwaambia watoto wenzake, "Mama yangu yumo mle ndani."

Mzee Mhina akazungusha mkono wa mashine, akashusha sindano.

Sasa niiandikie hukumu santuri hii, kama mtu asiyehusika.

Upande wa kwanza ni mbovu. Wimbo umekimbizwa, nadhani ili uenee kwenye santuri, na ubeti wa tatu umekatwa. Kuna kinanda ambacho Mpale hatukuwa nacho. Sauti za wanaume ziko mbali kama wanaimba ndani ya pipa, na pale katikati sindano inaruka, mchungaji anafika zizini kabla hajatoka malishoni. Wenzangu wa kwaya walikuwa zaidi ya ishirini. Hapa sisikii zaidi ya sita.

Upande wa pili ndio niliokuwa nausubiri. Kinanda, kimya kidogo, kisha sauti ya msichana: Nani huyu aliaye zizini.

Si mimi.

Nilijua kabla ya neno la pili. Mtu anaijua sauti yake, hata akiwa hajaisikia miaka kumi na mitatu. Na haikunichukua muda kujua ni ya nani. Kabla ya maneno marefu mwimbaji huyu anavuta pumzi kwa kelele kidogo, kama mtu anayekanyaga maji baridi. Mtu mmoja tu duniani anavuta pumzi hivyo. Ni Naomi, rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya utoto. Naomi aliyesimama nami siku ya harusi yangu. Naomi ambaye mwanangu ameitwa kwa jina lake, na kila akija hapa anamwita "somo wangu" na kumletea kitu.

Na baya kuliko yote: anaimba vizuri.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Mwalimu mkuu alinishika mkono, akasema, "Hongera sana, mwalimu. Kumbe una sauti namna hii!"

Nikasema asante.

Hapa ndipo ninapoandika kwa shida. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama pale mbele ya watu thelathini na mume wangu na mtoto wangu, nikapokea sifa za sauti ya mtu mwingine, nikatabasamu. Walipoomba upigwe tena, nikakubali. Elia peke yake ndiye aliyenitazama kwa muda mrefu.

Jana nilikwenda Korogwe. Nilimwambia Elia nakwenda kumwona Naomi, naye akasema tu, "Nenda. Watoto nitakaa nao." Nadhani alikwisha elewa.

Naomi ni fundi cherehani, anashonea barazani kwake, mtaa wa nyuma ya soko. Aliponiona aliinuka kwa furaha, mikono wazi, "Dama! Mbona hukutuma salamu kwamba unakuja? Somo wangu hajambo?" Nilifungua gazeti, nikaiweka santuri juu ya cherehani, kando ya kitambaa alichokuwa anakishona.

Asingejua ni kitu gani, angeuliza ni kitu gani. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Umeipata wapi?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Alinieleza pole pole, huku akikunja na kukunjua kile kitambaa. Kanda hazikulowa. Siku ile tuliyonaswa sauti mvua ilinyesha, na kelele za mvua kwenye mabati zilikuwa zimeingia kila mahali. Wale watu walitaka nyimbo zirudiwe mjini, Dar es Salaam, upesi, kabla ya sherehe za uhuru. Mimi nilikuwa kitandani. Mwalimu akachagua watu sita.

"Aliniambia, 'Naomi, wewe unaujua wimbo. Hatuwezi kumngoja mgonjwa,'" alisema. "Akatuapisha wote tusikuambie mpaka upone. Nyumbani nilisema nakwenda kumsalimia shangazi."

"Nikapona," nikamwambia.

"Ulipona. Tukasikia mwalimu amekuambia kanda zimelowa. Ningesemaje, Dama? Nimwite mwalimu mwongo? Nilikuwa na miaka kumi na mitano."

"Na ulipokuwa na ishirini? Na ishirini na tano?"

Mteja mmoja alifika kuulizia gauni lake, Naomi akamwambia arudi kesho, bila hata kumtazama.

Kisha akasema, "Nilikuja kukuambia. Mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya harusi yako, nikakuta unalia kwa sababu nyingine. Mara ya pili ulikuwa umejifungua. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nilipopanda basi. Nilipoingia ndani ulinipakatisha mtoto, ukasema, 'Mshike, nimempa jina lako.' Ningefungua mdomo vipi?"

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeyaandaa matusi tangu Segera, mazuri, ya Kishambaa, yale ambayo mama zetu wangetupiga kwa kuyatamka. Yote yakapotea. Nikamuuliza kitu ambacho sikukipanga.

"Ulipokuwa unaimba kule, ulifurahi?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema moyo ulikuwa unamuuma, kwamba alikuwa ananikumbuka mimi kitandani. Ningemwamini, nadhani, maana nilitaka kumwamini.

"Sana," alisema. "Sijawahi kufurahi vile tena."

Kisha akalia, mimi sikulia.

Chai aliyoitenga sikuinywa. Kwetu kuondoka nyumbani kwa mtu bila kugusa chai yake ni neno zito kuliko tusi, na wote wawili tunalijua. Alinifuata mpaka barabarani, kichwa wazi, akanitia mkononi kifurushi. Ndani kulikuwa na gauni la mtoto, la njano, lenye mifuko miwili. Alikuwa amemshonea somo wake kwa ajili ya mwaka mpya kabla ya haya yote.

Nililipokea. Sijui kama nilifanya vizuri.

Ndani ya basi niligundua kwamba santuri nimeiacha juu ya cherehani. Sikushuka.

Na sasa habari ya leo. Tuliporudi kutoka kusali sikuingia nyumbani. Nilimpa Elia mtoto wetu wa pili, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mhina. Alikuwa anasuka kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kiti. Nikamwambia nimekuja kuungama, halafu nikakumbuka kwamba kwao hakuna kitu hicho, nikasema, "Nimekuja kusema uongo wangu."

Nikamwambia yote. Kwamba yule si mimi. Kwamba nilijua tangu neno la kwanza na bado nikapokea pongezi kwenye uwanja wake.

Alikaza fundo la kamba yake. Kisha akasema, "Mwalimu, sisi tulijua siku ile ile."

"Mlijuaje, mzee?"

"Uso wako. Mtu anayesikia sauti yake mwenyewe hawi na uso ule. Mama Zaina aliniminya mkono, akaninong'oneza, 'Mzee, si yeye.' Nikamwambia, piga makofi. Tungefanya nini? Tukuache umesimama pale peke yako na sikukuu yako?"

Nilijifunika uso kwa khanga, nikalia mpaka mke wake akatoka jikoni kuona kuna nini.

Nimekaa hapa mlangoni tangu wakati ule nikijaribu kuelewa. Watu thelathini walijua ukweli wakanificha, nami nimejisikia nimeshikwa mkono. Watu sita walijua ukweli wakanificha, nami nimejisikia nimetupwa. Tofauti iko wapi? Nafikiri akina Mzee Mhina walinyamaza ili mimi nisianguke. Mwalimu alinyamaza ili yeye asianguke. Na Naomi? Hapo ndipo ninapokwama. Mwanzo alinyamaza kwa woga. Baadaye nadhani alinyamaza kwa kunipenda, na kunipenda huko kukamfunga mdomo zaidi kuliko woga.

Mwalimu siwezi kumuuliza kitu. Nilimlilia kwenye mazishi yake, na machozi yale siwezi kuyarudisha. Hilo nalo linaniudhi.

Ninajua hivi tu: nikimwacha Naomi, nitakuwa sina mtu hata mmoja anayenikumbuka nilivyokuwa kabla sijanyamaza. Yeye ndiye shahidi wangu. Ni ajabu kwamba shahidi wangu ndiye aliyeniibia.

Naomi mdogo ameamka. Anataka maji, na anataka kujua kama somo wake atakuja mwaka mpya.

Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui. Lakini kesho kuna mtu anakwenda Korogwe kwa baiskeli mpaka Kabuku na basi kutoka pale, na nitampa barua. Karatasi nimeichana tayari. Nimeandika mahali na siku, nimekwama hapo, kwa sababu sijaamua kama nianze na "Mpendwa Naomi" au na jina lake tu.