Tumetajwa Redioni

Alhamisi

Heri redio ya pale holini ingeharibika. Jana ilitangaza kwamba vijana wangu wa reli waliwafunga wa mashamba ya Gilgil mabao matano kwa bila, ati sisi ni timu kali. Kali wapi! Wale watoto walitoka kukamua ng'ombe wakaingia uwanjani miguu mitupu.

Leo nimepuliza filimbi ya mazoezi, wakaja wawili. Kapteni Ouma hata hakuinuka. "Mwalimu, si tumeshatajwa redioni?"

Nitamlaumuje? Mimi mwenyewe nilitega sikio nisikie kama jina langu...

Jumapili tunacheza na Nairobi, na ligi yao si mchezo. Safari hii redio itatangaza mechi ikichezwa, mama wote wa vijana wangu wakisikiliza.