Bei ya Huku na Bei ya Huko

Mpendwa mdogo wangu Kemi,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, kwa hiyo usitafute maneno ya kupendeza humu. Jana nilikuwa napamba maharusi tangu asubuhi, mgongo unauma, kucha bado zina poda, na hapa Kahororo mvua inapiga bati mpaka redio ya jirani haisikiki. Ningeweza kukupigia. Lakini siku hizi tukipigiana tunazungumza bei tu, halafu bando linaisha. Nimeona niandike, tena niandike wazi, wasome na wengine wenye ndugu huko Dubai uliko. Sidhani kama haya yametupata sisi peke yetu.

Juzi nilipita kwa Mama Jaya, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vipodozi mjini aliyekuwa akituagizia faundesheni yako. Anafunga. Wanawe wako Uingereza, wamemwita mpaka amekubali, na mumewe hayupo tena. Rafu zimebaki nusu tupu. Nilimkuta ameketi juu ya boksi akifuta vumbi kwenye chupa za manukato, akaniuliza, "Koku, mdogo wako anarudi lini?" Nikasema sijui. Akainama chini ya kaunta, akatoa kichupa kimoja, rangi yako ileile. Alikiagiza kabla hujasafiri, na Bukoba nzima hakuna mwingine aliyewahi kukiulizia. Nikamwambia, "Mama Jaya, huko aliko kitu hiki ni theluthi ya bei yako." Hakukasirika. "Najua," alisema. "Siku zote nilijua."

Nilirudi nyumbani na maneno yale, na tangu hapo nakuwaza.

Ulikuwa mdogo mno kukumbuka siku ya chungu. Tulikuwa kwetu Kaagya, na Mama alikuwa anachemsha kahawa mbichi na majani yake, ile ya kuanika na kutafuna wageni wakija. Mimi nilikuwa kibanjani, shambani nyuma ya nyumba, naokota majani makavu ya migomba niliposikia kelele. Nilipofika, chungu kilikuwa kimepinduka na Mama amekushika, anakumwagia maji ya baridi huku analia. Ulipona. Lakini kovu lilianzia chini ya jicho la kushoto likashuka mpaka shingoni, kwanza jekundu, kisha likawa la kung'aa kama nailoni. Ulipoanza shule ulichagua mwenyewe dawati la pembeni kushoto, ili shavu hilo lielekee ukutani. Hakuna aliyekufundisha.

Halafu ikaja sendofu, sherehe ya kumuaga Asimwe, binti wa baba mdogo, kabla ya harusi. Mpambaji wake alikuja na mashemeji kutoka London, na mimi nilikuwa nimeanza tu kazi hii, nikawa nambebea mkoba ili niibe ujuzi. Alipomaliza kumpamba bibi harusi akakuona umesimama mlangoni. Akakukalisha. Akafungua kichupa kidogo cha kioo, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakipigapiga shavuni taratibu kama anayempapasa mtoto mgonjwa. Alipokupa kioo ulikielekeza kwenye shavu la kushoto. Kisha ukaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, "Dada, huyu ni mimi?"

Nikamuuliza kinapatikana wapi. Akashangaa swali lenyewe. "Kule kwetu? Kila duka linacho. Mtu anakinunua mshahara ukitoka, basi."

Tukaenda kwa Mama Jaya tukiwa na furaha. Alipiga simu Dar es Salaam, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akatugeuzia tusome. Nakumbuka ulivyokirudisha kile kipande juu ya kaunta kwa upole, kana kwamba kingevunjika. Mama Jaya akatuonea huruma. Akasema, "Wanangu, kiwandani ni kitu kimoja. Kikipanda ndege kinalipiwa. Kikishuka kuna ushuru. Mwenye duka wa Dar naye ale. Kikifika kwangu, na mimi nina watoto. Halafu wanaokitengeneza wanajua kwamba huku anayekitaka hana pengine pa kwenda." Hili la mwisho ndilo lililonikaa kichwani. Mpaka leo sielewi ni kwa nini mtu mwenye kipato kikubwa auziwe kwa bei ndogo, na wewe uliyekuwa unauza vitenge gulioni Kagoma uuziwe kwa bei kubwa. Nimewauliza waliosoma, wakanieleza kuhusu usafiri na soko. Nimewasikia. Sijaridhika.

Tulijaribu njia ya mkato pia. Mtu akatuletea kichupa kupitia mpakani Mutukula, boksi lilelile, maandishi yaleyale, bei ya kutuchekesha. Kilikuwa feki. Uso wako uliumuka, ukakaa ndani wiki kadhaa umejifunika kanga, na Mama akawa anakukandika majani huku akiniuliza mimi, "Koku, waitu, tafadhali, hamuwezi kumwacha mtoto na uso wake?" Si mimi niliyetaka. Wewe ndiye uliyesema, na nakumbuka ulikuwa unakunja vitenge vyako ulipolisema: "Mama, nisipopaka wateja wananitazama mimi. Nikipaka wanatazama vitenge." Tukarudi kwa Mama Jaya na bei yake.

Ndipo nikaanza kukubali kazi za visiwani Muleba ambazo wapambaji wengine walizikataa kwa kuogopa mawimbi. Wachuuzi wa dagaa wakiozesha hawabani mkono. Ile safari tuliyokwenda wote wawili sijaisahau. Ulitapika mtumbwini njia nzima, nikakushikia kichwa, wavuvi wakacheka. Bibi harusi wa siku ile alikuwa na alama za tetekuwanga uso mzima, na mama yake alipokuona wewe akaniambia, "Huyu bwana harusi anatoka Mwanza, watu wake hawajamwona binti yangu. Mpake alichopaka mdogo wako." Nikasema hicho hakipo kwenye mkoba wangu. Kweli hakikuwepo. Kilikuwa kwenye mkoba wako, kichupa ulichokuwa unakikwangua kwa njiti ya kiberiti, Jumapili na siku za gulio tu. Ukakitoa bila kuulizwa. Kilipokwisha chote nilikuvuta pembeni, nikakwambia, "Kemi, una wazimu?" Ukajibu, "Leo ndiyo siku yake ya kutazamwa, Dada. Mimi gulio lipo kila wiki." Ukakaa karibu miezi miwili bila kupaka, ukauza vitenge hivyohivyo.

Sikuwahi kukwambia, lakini siku ile nilikuona mkubwa kuliko mimi.

Yule wakala alipokuja na habari za kazi Dubai, Mama hakutaka. Wewe ulitaka bati la nyumba ya Mama, na ulikuwa na jambo jingine ulilolisema kwa mzaha ukifunga begi: "Nikiwa huko nitanunua kwa bei ya huko." Tukacheka wote. Wiki zile za kwanza ulinitumia picha kutoka kwenye jengo la maduka: ukuta mzima wa vichupa, rangi zote kuanzia ya karatasi mpaka ya mkaa, na kidole chako kikionyesha ile yako. Halafu ukanipigia. "Dada, tumeliwa miaka yote hii! Unajua ni kiasi gani?" Ukanitajia. Nikakaa chini.

Tukapanga biashara. Wewe ununue huko, mimi niuze huku, bei ya katikati, kila mtu afurahi. Mizigo ilikuja kweli, ndani ya mabegi ya watu wanaorudi likizo, imefungwa kwenye soksi zako. Maharusi wa Bukoba wakanijua. Nyumba ya Mama ikaanza kuezekwa bati. Na kila uliponipigia, nilikuuliza bei ya poda, bei ya rangi ya mdomo, kama wamepunguza, kama sikukuu inakuja. Wewe nawe ukanijibu bei. Ukawa mwepesi wa kunijibu bei kuliko kuniambia umelala wapi.

Mpaka siku ile ulipopiga simu ya video ukiwa umeketi kwenye ngazi nje ya chumba chenu. Nilikuona uso mtupu. Kovu lote, kama ulivyokuwa darasa la nne. Nilidhani umeishiwa. Nikakuuliza, "Mbona hujapaka, na huko ni rahisi hivyo?"

Ukasema, "Nimpakie nani, Dada?"

Nikadhani unatania.

"Kutwa nzima nina kofia na barakoa, nasugua sakafu za hoteli. Wageni wanapita kana kwamba mimi ni ndoo. Msimamizi ananiita kwa namba ya sare. Tangu nije huku hakuna mtu aliyeniuliza uso wangu umefanya nini." Ukatabasamu, ukabadilisha mazungumzo, ukaniambia kuna punguzo la wanja.

Kemi, nimepamba nyuso nyingi tangu siku ile, na katika kila moja nimesikia sentensi yako. Huku ulijificha kwa sababu watu walikutazama kupita kiasi. Huko dawa ya kujificha ipo kila kona kwa bei ambayo hata mshahara wako mdogo unaiweza, na hakuna macho ya kuyakwepa. Sijui kama yupo mtu aliyepanga dunia iwe hivi, au imetokea tu. Nimechoka kuwaza.

Nilikwenda Kaagya Jumapili iliyofuata na simu yangu ina picha yako niliyoinasa tulipozungumza kwa video. Macho ya Mama yamepungua nguvu, akaisogeza simu karibu na pua. Nilitegemea alie. Akakipapasa kioo chake kwa kidole gumba, mahali pa shavu la kushoto, akasema, "Huyu ndiye. Yule aliyejipaka wa Jumapili nilikuwa nimemkubali tu." Kisha akauliza kwa nini umekonda. Mimi, mpambaji, mtu anayeishi kwa kutazama nyuso, sikuwa nimeona kwamba umekonda.

Sasa kuna hili la mkataba. Uliniambia wiki iliyopita kwamba unakwisha na wanataka usaini mwingine, ukaniuliza, "Dada, nisaini?" Nilikwambia nitafikiri. Nimefikiri. Nimemuuliza na Mama. Bati limefika sebuleni na vyumbani, na jiko likibaki na nyasi zake tutapikia humohumo. Biashara ya vichupa niliyoisifia kwa kila mtu, nitaiacha. Wateja wataninunia, kisha watamzoea mwingine. Nitapamba kwa vilivyopo.

Sitakudanganya kwamba huku kumebadilika. Meza yako Kagoma ameichukua mtu, itabidi uanzie pembeni. Vipodozi vizuri vimepanda tena, na kwa kuwa Mama Jaya anaondoka, hata wa kutuonea huruma upande wa pili wa kaunta hatutampata. Ukishuka kwenye basi watakutazama. Wengine watakutazama vibaya, watoto watauliza kwa sauti, na kuna mama mmoja gulioni atajifanya anakusikitikia. Lakini watakuita jina lako. Watakuuliza ulikuwa wapi, umekuja na nini, mbona umekonda. Mama atakushika uso wote kwa mikono miwili, na utachoka kushikwa.

Usisaini, Kemi. Usininunulie kitu njiani. Njoo.

Ni mimi niliyekushikia kichwa kwenye mtumbwi,
Dada yako mkubwa,
Kahororo, Bukoba