Oleta Ratliff, Mwimbaji wa Sauti Mbili

Mwaka mzima umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Aprili ulipofumba macho nyumbani kwako Caney, ukiwa na miaka themanini na moja, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulikataa lifungwe. Redioni walisema Kentucky imempoteza malkia wa muziki wa kantri. Sisi tulimpoteza mtu aliyetupigia simu kila Jumapili kutuuliza kama tumekula.

Ninayeandika ni mimi Twyla, kwa niaba ya wote. Mdogo wangu Garnet ameniambia nisiyarefushe. Atanisamehe.

Ulikuwa binti wa mchimba makaa ya mawe, ukajifunza kuimba ukiwaita ng'ombe washuke kutoka malishoni. Sauti yako ilipanda, ikakatika, ikaruka juu tena kwa namna ambayo waliokusikia hawakuweza kuieleza. Ulipotoa santuri yako ya kwanza ukiwa na miaka ishirini na mitano, watu waliuita mtindo huo mruko wa Oleta. Wasichana wa jimbo zima walijaribu kuuiga wakiosha vyombo. Baba alikuwa nyuma yako na gitaa, kila jukwaa, na akiulizwa kazi yake ni nini, alijibu, "Kutomkanyaga."

Kisha ukaja mwaka wa 1979 na ule uvimbe shingoni. Madaktari waliokoa maisha yako, tunawashukuru hadi leo, lakini mshipa wa sauti uliguswa. Ulipoamka ulinong'ona. Baada ya miezi mitatu ulizungumza. Mruko haukurudi.

Bwana Lyle Prewitt aliyekuwa akitoa santuri zako alikuja kutoka Nashville kwa gari lake refu, akaketi jikoni kwetu na kofia magotini.

"Oleta," alisema, "watu wananunua ule mruko. Bila huo sijui niwauzie nini."

Hukubishana naye. Ulimkatia kipande cha pai ya tufaa, ukamsubiri amalize kula, ukatia saini karatasi ya kuvunja mkataba. Wiki iliyofuata ulifunga aproni na kwenda kupika shule ya msingi ya Caney.

Miaka sita, Mama. Watoto walikuita Bi Oleta na wengi wao hawakujua kwamba uliwahi kuimba. Ulijua ni nani ambaye kwao hawakuwasha jiko jana yake. Ulimrundikia maharage na mkate wa mahindi, kisha ukamlalamikia kwa sauti wenzake wasikie, "Ona sasa, nimekosea kupakua. Nisaidie kumaliza, nisije nikagombezwa." Mtoto alikula akiamini kwamba yeye ndiye anayekufanyia hisani.

Lakini nyumbani hukuimba. Hata kanisani ulifungua kitabu cha nyimbo na kufunga mdomo. Baba alitundika gitaa ukutani, na hakuna aliyeligusa.

Siku moja mwaka wa 1985 Bi Icy Hensley, aliyekuwa mkongwe kuliko wote bondeni, alipanda ngazi za jiko la shule kwa mkongojo wake. Nilikuwapo, nikisubiri unipeleke nyumbani.

"Oleta, mimi naondoka kabla ya mahindi kukomaa," alisema. "Utaniimbia siku ya mazishi."

"Bi Icy, sina sauti. Unajua."

"Sikukuomba sauti, binti. Nimekuomba uimbe."

"Nitakuaibisha mbele ya watu."

"Mimi nitakuwa sandukuni. Aibu yenyewe nitaionea wapi?"

Ulicheka hadi ukashika meza. Lakini hukumjibu ndiyo.

Alifariki mwezi wa Juni. Kanisa lilijaa, watu wakasimama hadi barazani, maana walikuwa wamesikia kwamba utaimba. Ulisimama mbele na nguo yako ya buluu, Baba akiwa pembeni na gitaa alilolifuta vumbi asubuhi hiyo. Ulianza pale pale ulipozoea kuanzia, juu. Mstari wa pili ulipofika, sauti ilikatika na haikupanda tena. Ulitoka mkwaruzo tu.

Nina jambo sikuwahi kukuambia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliona haya. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu, nikaomba moyoni uketi. Nisamehe, Mama.

Hukuketi. Nilikusikia ukisema, taratibu kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Denzil, shusha tuni."

Baba akashusha.

"Shusha tena."

"Chini ya hapo nitakuwa nimetoboa sakafu, bibie."

"Basi toboa."

Watu wakacheka kidogo, hata wafiwa. Ndipo ulipoanza upya, chini kabisa, kwa sauti ambayo hata sisi wanao hatukuwahi kuisikia. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, na kila neno lilifika peke yake. Niliinua kichwa. Kijana mkubwa wa marehemu, mchimba makaa aliyezikwa na kifusi mara mbili akatoka akitukana, alikuwa ameficha uso kwenye kofia yake. Ulipomaliza, mchungaji alisahau zamu yake.

Njiani kurudi Baba aliendesha gari hadi daraja la pili. Kisha akakuuliza, "Hiyo ilikuwa wapi miaka yote?"

"Sijui," ulisema. "Nilikuwa naitafuta ile nyingine."

Kuanzia hapo ulitunga nyimbo mpya za sauti mpya, ukiziandika nyuma ya karatasi za kuagizia maziwa ya shule. Uliimba juu ya wanawake wanaosubiri kwenye lango la mgodi, juu ya mume anayekoroma, juu ya mtoto anayekula polepole ili chakula kisiishe. Mlirekodi kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Baba akitundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Redio ya wilaya ikazipiga, ya jirani ikafuata, na baada ya miaka miwili gari refu la Bwana Prewitt likaonekana tena likipanda mlima wetu.

"Hii sauti umeitoa wapi?" alikuuliza.

"Jikoni," ulimjibu.

Alitaka kila onyesho limalizike kwa wimbo wako wa zamani, mruko upigwe kwenye kanda huku wewe ukifungua na kufunga mdomo. Ulimwambia kwamba ulikwisha kufunga mdomo kanisani miaka sita, na imetosha. Safari hii yeye ndiye aliyetia saini ulichotaka.

Nakumbuka lile onyesho la Jumamosi mchana, Nashville, ukumbi umefurika. Ulipotokea tu, mwanamume mmoja alisimama huko nyuma akapaza sauti, "Turukie, Oleta." Wengine wakaitikia. Garnet alinishika mkono hadi ukaniuma. Wewe ulisogea karibu na kipaza sauti.

"Yule dada mnayemwita aliwaimbia vizuri, nami nampenda," ulisema. "Lakini alishakwenda zake. Amenituma mimi. Keti baba, nikikuchosha uniambie."

Yule bwana akaketi. Uliimba nyimbo kumi na mbili. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, na ukumbi wote ukamfuata.

Tuzo zikaja, na picha yako ikatundikwa pale wanapotundikwa wakubwa wa muziki wa kantri. Lakini kila Jumatatu ulikuwa jikoni shuleni, unamenya viazi, mpaka siku ya kustaafu kwako. Waandishi wa habari waliokuja kukuhoji ilibidi wasubiri hadi wanafunzi wamalize kula kwanza. Mmoja ulimpa kisu amenye.

Mama, tunatembea na jina lako kifua mbele. Mjukuu wako Loretha amekuwa mwalimu. Garnet bado anapika maharage yako na bado hayafanani. Baba ana miaka themanini na minne, anatembea kila asubuhi hadi kaburini na kurudi, na hataki kusindikizwa. Tulipomuuliza anataka tuandike nini hapa kwa jina lake, alimaliza kwanza kahawa yake. Kisha akasema, "Andikeni kwamba nilikuwa mpiga gitaa wa Oleta Ratliff."

Tumeandika.

Unakumbukwa na mumeo Denzil. Wanao Twyla na Garnet. Wakwe zako Virgil na Joylene. Wajukuu zako Loretha, Clay na Opal. Dada yako Nevada. Waumini wa Caney, na wote uliowapakulia chakula. Hatupitishi siku bila kukukumbuka, wala hatutaipitisha.