Milango ya Kabati la Mandawa

Baba Zuwena,

Mwanao sasa hivi ametumbukiza vidole kwenye kopo la gundi nyeupe, akajipaka mashavuni. Nimemfuta kwa khanga nikimgombeza huku nacheka. Ana meno manne tayari. Hukuyaona hata moja.

Nakuandikia hapa bandani kwako, Nachingwea. Ile milango ya kabati uliyomtengenezea mzee wa Mandawa ilirudi baada ya arobaini yako, imefungwa nyuma ya pikipiki. Vinia, ule ubao mwembamba unaobandikwa juu, imevimba malengelenge, kona zimebanduka. Mzee hakutukana. Alisema tu, "Binti, marehemu alikuwa fundi. Hii sikuitegemea."

Mimi najua kwa nini. Unakumbuka uliponiachia mlango mwingine niukandamize, nami badala ya mifuko ya mchanga nikapanga magunia ya korosho juu ya vinia, gundi bado mbichi? Asubuhi vishimo mlango mzima. Ukasema, "Mke wangu, mlango umeugua tetekuwanga." Tulicheka mpaka ukakohoa. Lakini kifua kilipokuzidi hukuweza tena kubeba mchanga, na mimi ukawa huniamini. Kwa milango hii ya Mandawa ukageukia gundi ya njano, ile inayoshika papo hapo bila kukandamizwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukisema haivumilii joto la paa la bati.

Kaka yako, shemeji Bakari, anataka kuuza zana na kulifunga banda. Nimemwomba kitu kimoja, nitengeneze kwanza milango hii. Ikishika, banda libaki kwangu. Akasema, "Gundi haimhurumii mjane, shemeji." Ila alikubali.

Nimekwangua ya njano yote. Nimepaka nyeupe, nyembamba kama ulivyokuwa ukipaka, nikalaza vinia mpya, nikatandika nailoni, na juu yake ubao ulionyooka. Kisha mchanga, mfuko kwa mfuko, mtoto mgongoni. Tangu jana asubuhi sijaigusa.

Sasa shemeji ameshaitoa mifuko. Anagonga vinia kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya, anasikiliza kama kuna uwazi chini yake. Katikati sauti nzito, imeshika. Upande wa bawaba, nzito. Amefika kwenye kona, ameacha kugonga. Ananiita, "Mama Zuwena, weka hiyo kalamu, njoo usikie hapa." Mume wangu, hata kama kona hii italia wazi, nitaikwangua na kuubeba mchanga upya.