Kapiteni Mwenye Sauti ya Maporomoko

Papa Albertine, mume wangu,

Ungeniona leo ungecheka mpaka ukohoe. Mimi niliyenung'unika kila ulipoleta kundi la vijana wenye miguu ya matope barazani kwangu, ndiye niliyebaki na timu yako ya mpira. Tulipokwisha kukuzika nilidhani watatawanyika. Wapi! Jumatatu iliyofuata walikuwa mlangoni, wananitazama. Nikawapikia lituma, zile ndizi zetu za kuponda. Ningefanya nini kingine?

Lakini timu ilikaribia kufa, sitakuficha. Ukapiteni ulimwachia Bazile, na Bazile ni mtoto wa maporomoko kama wewe. Sauti yake unaijua. "Simoni! Unalala? Rudia nyuma!" Zamani ukishawakaripia, mimi niliwapoza jikoni kwa sahani ya samaki. Tangu uondoke nilikuwa nimejifungia na kilio changu, hakuna wa kuwapoza. Basi Simoni, kipa wetu yule mpole aliyetoka Isangi, akaja amefunga nguo zake kwenye kitambaa. "Mama, Bazile anatukana sisi mbele ya watu. Mimi narudia kwetu." Wenzake wawili wa Isangi walikuwa nyuma yake. Na mupe, padri wa misheni, alikwisha kusema: timu isiyotimiza vijana kumi na mmoja haitapewa uwanja.

Hapo nilikumbuka mwaka wetu wa kwanza. Kwetu Isangi mto umetulia, mtu anaongea polepole ufukoni na wa kwenye pirogi katikati ya maji anamsikia. Ukanioa, ukanileta hapa kwenye maporomoko, na kila asubuhi ukawa unaniita kana kwamba nimeiba. Nililia, papa. Moyoni nilikuita debe tupu, Mungu anisamehe. Mpaka siku uliyonipeleka kwenye mitego yenu ya samaki, nikawaona kaka zako juu ya miti iliyosimikwa mtoni, maji yananguruma chini yao. Asiyepiga kelele pale hasikiwi, na asiyesikiwa anaweza kufa. Nikaelewa kwamba hukuwa na hasira nami. Nyinyi mnatunzana kwa kelele.

Kwa hiyo nikawapeleka vijana wote kule kule, kwa kaka yako Antoni. Simoni alisimamishwa upande huu wa maji, Bazile upande ule, nikamwambia Simoni aombe kamba. Akaomba kwa adabu yake ya Isangi. Bazile hata hakugeuka. Akaomba tena, wapi. Mwishowe mtoto akapasua koo: "Bazile! Leta kamba!" Wote wakaangua kicheko, na Simoni mwenyewe akacheka.

Njiani nikamwambia Bazile kwamba uwanjani hakuna maji yanayonguruma. Kapiteni akitaka kumkosoa mwenzake, amfuate pale alipo, aseme naye. Alikasirika. "Papa hakukuwa anafuata mutu!" Kweli, hukuwa ukimfuata mtu. Nikamjibu kwamba wewe ulikuwa na mimi wa kuzunguka nyuma yako nikiponya mioyo, naye hana mke bado. Alininunia mpaka nyumbani. Lakini nguo za Simoni zilifunguliwa kitambaani, hakurudi Isangi.

Jumapili tulicheza na vijana wa ng'ambo ya mto. Tukiwa sare, mpira wa kijinga ukapita katikati ya miguu ya Simoni. Nikamwona Bazile amefungua mdomo, nikafumba macho. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, alikuwa anatembea, anaukata uwanja wote, mashabiki wanamzomea aharakishe. Akafika golini, akainama, akasema neno sikioni mwa Simoni. Ni neno gani, sijui, na sitauliza. Simoni akaitika kwa kichwa, akasimama wima.

Tulifungwa, mume wangu. Moja bila. Lakini vijana walitoka uwanjani pamoja, wa maporomoko na wa Isangi, wakibishana kwa sauti mpaka mupe akaziba masikio.

Halafu Simoni akanijia, jasho linamtiririka. "Mama, kesho mazoezi iko saa ngapi?" Kila nilipoulizwa hivyo, hata baada ya mazishi, niligeuka kukutafuta ujibu wewe. Safari hii sikugeuka. Nikamwambia saa kumi, na asichelewe. Nililia baadaye, peke yangu, lakini nilikuwa nimekwisha kujibu.

Pumzika, papa. Nakuahidi nitakaa nao mpaka Bazile aweze kumlea kapiteni mwingine, na huyo mwingine naona atatoka Isangi. Ukikasirika, shauri yako.

Kwaheri, mpenzi wangu.

Mama Albertine